Tupeane uzoefu: ukindu, kasa, punda na ndege wa Lamu, kila kazi na maji yake

Mwana wa Langoni
Assalam aleikum jamaa. Wengi wanaohamia Amu (yaani Lamu), au wanaorudi baada ya miaka mingi bara, hupanga shughuli zao kwa saa ya ukutani. Hapa saa ni maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua (maji makuu) hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukauka karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku husogea mbele kiasi cha dakika 50. Mwezi ukifika nusu maji huwa mafu: hayajai sana, hayatoki sana, na saa zimegeuka, saa nne asubuhi ndiyo yanajaa. Naomba kila mwenye fani aweke ufundi wake, vipimo vyake na mahali watu wanapokosea. Habari za nani alifanya nini tuziache, tupeane kazi.

Bi Ukindu
Waaleikum salaam mwanangu. Naanza na mkeka, maana wasichana wengi wanataka kujifunza na wanakata tamaa mapema kwa sababu ya majani yenyewe, wala si kwa sababu ya kusuka.

Kwenye mkindu unakata jani changa la katikati, lile ambalo halijafunguka. Ukishakata moja katika shina, liache shina lichipuze tena kabla ya kulirudia. Ukilikata mfululizo shina hudhoofika na kufa. Anika juani siku tatu mpaka tano, na kila magharibi ingiza ndani. Umande ndio unaotia madoa meusi, na doa likishaingia halitoki. Jani lililo tayari ni jeupe, jepesi, ukilikunja hupiga kelele kama karatasi.

Rangi: chemsha maji yaenee juu ya ukindu, tia rangi, kisha zamisha majani nusu saa ukigeuzageuza. Tumia maji ya mvua ya birika (tangi la nyumba). Maji ya kisima chenye chumvi huacha chumvi ndani ya jani, nayo huvuta unyevu wa hewa, na mkeka huota ukungu masika ya kwanza tu. Baada ya rangi, anika kivulini, jua hupausha.

Kuchana ndiko kunakotofautisha mkeka na mkeka. Chana kwa ukucha au sindano, kila uzi uwe na upana mmoja, milimita nne hivi. Ukiwa na nyuzi za tatu na za sita pamoja, ukili (utepe unaosukwa, ndio unaoshonwa kuwa mkeka) utapinda kama nyoka na huwezi kuunyoosha tena. Kabla ya kusuka, funga nyuzi ndani ya kitambaa kibichi kwa saa moja. Kavu hukatika, na iliyolowa chepechepe hunywea ikikauka na kuacha matundu. Uzi mpya unapachikwa juu ya ule wa zamani kwa urefu wa kidole, na ncha zote zitokee upande mmoja, ndio utakaokuwa chini.

Hesabu: mkeka wa mita 2 kwa mita 1.2, ukili wa sentimita 8. Kwa macho ni kili 15, lakini mshono hula karibu nusu sentimita kila mahali, kwa hiyo suka za 16. Hizo ni mita 32, yaani pima (mikono miwili iliyonyooshwa) kumi na nane kasoro kidogo. Ongeza pima moja kwa ajili ya kukata ncha. Watu husuka pima kumi na sita, halafu mkeka unatoka mwembamba.

Fundi wa Mkomani
Bi, shikamoo. Rangi ya asili je, ile ya kahawia?

Bi Ukindu
Marahaba. Ganda la mkandaa, aina ya mkoko. Liponde, lichemshe saa moja, chuja, ndipo uzamishe ukindu. Usiende kuchuna mti uliosimama: mti uliochunwa ganda kuzunguka shina hufa, na mikoko hukatwa kwa kibali tu. Waombe wauza boriti makombo ya maganda, hayana kazi kwao. Ukitaka nyeusi, tia misumari yenye kutu ndani ya maji hayo hayo, rangi hugeuka mbele ya macho yako. Lakini nyeusi ya chuma hula jani taratibu. Itumie kwa mistari, usiifanye mkeka mzima.

Mlinzi wa Fukwe
Mimi niseme juu ya kasa, maana ufuo wa Shela una urefu wa takriban kilomita 12 na wageni hupita juu ya viota bila kujua.

Soma nyayo kwanza. Kasa wa kijani hutambaa kwa kutupa mikono yote miwili pamoja, kwa hiyo alama za kushoto na kulia zinatazamana, upana wake karibu mita moja, na mara nyingi katikati pana mstari wa mkia. Ng'amba, kasa wa aina nyingine, hutupa mkono mmoja baada ya mwingine, alama zinapishana, na njia yake ni nyembamba zaidi. Ukiona nyayo zimepanda na kushuka bila mchanga uliofukuliwa na kutupwa huku na huku, amerudi bila kutaga, pengine kwa sababu ya taa au watu. Usiku fukweni zima tochi, usisimame mbele yake, na usimsogelee mpaka awe ameshaanza kutaga.

Kiota huwa na mayai mia na zaidi, na vitoto hutoka baada ya kama miezi miwili. Mchanga ukiwa na joto zaidi ya nyuzi 29 hivi, wengi huwa majike. Ukiwa baridi zaidi, madume. Ndiyo maana hatupandi kivuli wala hatuondoi kivuli juu ya kiota kwa kuhurumia.

Jambo linaloharibu viota vingi ni huruma ya haraka. Mtu anaona kiota chini ya mstari wa bamvua, anachukua ndoo na kuhamisha mwenyewe. Saa chache baada ya kutagwa, kitoto ndani ya yai hujishikiza juu ya ganda. Ukiligeuza yai umekikata. Kwa hiyo kazi hii hufanywa na walioruhusiwa, na hufanywa usiku ule ule au alfajiri yake. Yai huchukuliwa moja moja, upande uliokuwa juu ubaki juu. Shimo jipya lina umbo la mtungi, shingo nyembamba na tumbo pana, kina cha sentimita 60 hivi kama lile la mama, juu ya mstari wa takataka za bamvua na mbali na mizizi ya mivinje. Mchanga mbichi ndio unaorudi kwanza, mkavu juu kabisa. Mkavu ukiporomoka ndani huziba nafasi kati ya mayai. Kazi yako wewe uliyekiona ni kuweka alama ya kijiti pembeni, kukumbuka tarehe, na kuwapigia KWS (shirika la wanyamapori la Kenya). Kasa wanalindwa na sheria, yai na nyama pia.

Na vitoto vikitoka, visibebwe kupelekwa majini. Vifuate uwazi wa bahari vyenyewe. Zima taa za nyumba zinazotazama ufuo.

Sululu
Wa kuchora na kuhesabu ndege: Agosti mpaka Aprili. Sululu na wenzake wametoka kuzaliana kaskazini ya mbali, na wapo hapa kujaza mafuta. Usiende maji yakiwa yamekauka kabisa, kwani ndege wametawanyika mbali. Nenda saa mbili baada ya maji kuanza kutoka, tope la kwanza linapofunuka, wanakuwa pamoja. Wakati wa bamvua hiyo ni kama saa kumi na mbili asubuhi, jua liko mashariki, kwa hiyo kaa wewe mashariki ya tope utazame magharibi, rangi zote utaziona. Kwa penseli, anza na mdomo: wa sululu umepinda kuelekea chini, mrefu kuliko kichwa. Yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene kama kisu ni mla kaa. Ukiufanya mdomo wake mwembamba, umechora ndege mwingine.

Mwenye Punda
Punda mmoja wa kilo 150 asibebe zaidi ya kilo 50. Mchanga wa ujenzi, pima kwa ndoo, usipime kwa macho. Mchanga uliolowa maji ni mzito kuliko mkavu. Kwato zitazamwe kila wiki sita mpaka nane. Njia zetu za mchanga laini hazizisagi vya kutosha, zinarefuka na kupinda. Plastiki ndiyo adui mkubwa: punda akilala mara kwa mara, akigeuka kutazama ubavu na kuacha kula, usimpe kitu kwa mdomo, mpeleke kwenye zahanati ya punda saa hiyo hiyo. Ipo hapa Amu tangu 1987 na matibabu ni bure.

Fundi wa Mkomani
Soji (mifuko ya mizigo ya punda) zilizoshonwa kwa ukili zinamchubua punda begani. Bi Ukindu, kosa liko wapi?

Bi Ukindu
Ncha zimekaa upande wa ngozi. Soji si mkeka: ncha zote na mafundo yawe nje, na mshono usipite juu ya uti wa mgongo. Iliyokwisha kushonwa, igeuze ndani nje, kata ncha kwa kisu kikali, kisha weka chini yake gunia lililokunjwa mara mbili kabla hujampakia.