Kocha wetu katolewa kwenye timu eti hana cheti, nani alimlipia kozi akakataa kwenda?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Niko Mwanza, nacheza kikapu timu ya mtaani kwetu tangu niko sekondari. Juzi Jumamosi tunafika mazoezini tunamkuta kiongozi kasimama na mtu ana trakisuti mpya, tunaambiwa huyu ndo kocha mkuu kuanzia leo, yule mwingine amepumzishwa. Kupumzishwa gani? Miaka minane anatufundisha hajawahi kupewa hata nauli ya daladala ya kutoka Igoma!

Huyu kocha wetu wa zamani alikuwa pointi gadi, yule anayepanga mchezo, wa kueleweka mpaka goti likagoma. Alipoacha kucheza hakukaa hata mwezi, akatukusanya tukiwa watoto. Kiwanja chenyewe simenti, ringi moja haina neti, jioni upepo wa ziwani ukianza ukirusha mpira wa mbali unahama njia. Mvua ikinyesha yeye ndo wa kwanza kushika fagio kusukuma maji. Halafu anachukua chaki anatuchorea pale chini, anatembea juu ya ile mistari anachechemea, goti limefungwa bandeji, anakuonyesha hatua kwa hatua ulitakiwa usimame wapi. Mimi alinifundisha ukimkaba mtu angalia kiuno chake achana na mpira, maana mpira unadanganya. Nakaba hivyo mpaka leo.

Sasa kiongozi anatuambia mchezaji ni mchezaji, ukocha ni kitu kingine. Sikatai, ukocha unasomewa. Lakini angalieni Sudan Kusini, nchi imepata uhuru 2011. Royal Ivey aliyefundisha timu yao ya taifa ya kikapu alikuwa mchezaji, Atlanta Hawks ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, walimchagua 2004 akiwa chaguo la 37 kati ya wachezaji wapya, hakuwa staa, alikuwa mtu wa kukaba na kusubiri dakika zake benchi. Alipomaliza kucheza alianzia chini, kocha msaidizi ligi ndogo kule Oklahoma, akapanda NBA bado msaidizi, yaani alijifunza kazi huku analipwa. Luol Deng, naye mchezaji wa zamani, akiwa rais wa shirikisho lao wakamkabidhi Ivey timu ya taifa. Kombe la Dunia 2023 wakampiga China 89-69, wakampiga Angola, wakakata tiketi ya Olimpiki. Julai 2024 pale London, mechi ya kirafiki, Marekani yenye LeBron ikawashinda kwa pointi moja tu, 101-100, na kwenye Olimpiki yenyewe Paris wakamfunga Puerto Rico 90-79. Na hao nyumbani hawakuwa na hata ukumbi wa ndani wa kuchezea!

Ivey kuna watu walimshika mkono akiwa bado anajifunza, wa kwetu kashikwa na nani? Mwaka jana kulikuwa na kozi Dar, kocha akaomba nauli na ada, akajibiwa bajeti hakuna. Mwezi huohuo viongozi wakashonesha fulana za kukalia jukwaani. Leo wale wale ndo wanamuuliza cheti kiko wapi, jamani hata aibu hawana?

Tumeandika barua, wachezaji kumi na moja tumesaini, kiongozi kaipokea kaikunja kaitia mfukoni bila kuisoma. Jumamosi hii hakuna anayeingia kiwanjani mpaka kocha aitwe aongee na sisi tukiwepo.

Anayejua kozi ya ukocha inayofuata ni lini, wapi, na ada shilingi ngapi, aweke hapa tafadhali. Tutachanga wenyewe.