IL-2: mbolea ya seli T au breki yake?

Mkuza_seli:
Wakuu, naombeni msaada. Nakuza seli T (seli nyeupe za kinga) za binadamu kwa IL-2, yaani interleukini-2, iliyotengenezwa ndani ya bakteria, uniti 50 kwa kila mililita. Nilifundishwa kwamba saitokini hii (protini ya kupeana ujumbe kati ya seli) ni mbolea: ukiitia seli zinaongezeka, ukizinyima zinakufa. Juzi nimesoma kuwa panya walioondolewa jeni ya IL-2 huugua utumbo kwa kushambuliwa na kinga yao wenyewe. Mbolea ikikosekana si ndiyo kinga inyong'onyee? Mbona inawaka?

Bi_Pipeti:
Ulichofundishwa ni kweli, ila ni nusu. Seli dhibiti, zile zinazotuliza kinga, hubeba CD25, sehemu moja ya kipokezi kinachoshika IL-2, muda wote. Seli T nyingine huiweka zikishaamshwa. CD25 ikiungana na sehemu mbili nyingine za kipokezi, IL-2 hushikwa kwa nguvu ya takriban mara 100 kuliko bila CD25. Kwa hiyo ikiwa haba, seli dhibiti ndizo hushiba kwanza.

Na hapa ndipo mimi huvutiwa kila mara: seli dhibiti hazijitengenezei IL-2. Hulishwa na zilezile seli zinazotakiwa kuzituliza. Ukiondoa IL-2, mtulizaji hufa njaa kabla ya mshambuliaji. Shimon Sakaguchi alizitambua seli hizi kwa CD25 mwaka 1995, na mwaka 2025 akawa mmoja wa watatu waliopata Nobeli.

Mkuza_seli:
Asante sana dada. Basi zile zenye CD25 kwenye chupa yangu, karibu zote, ni seli dhibiti?

Bi_Pipeti:
Hapana, tafadhali usiandike hivyo! Umeziamsha, lazima ziwe na CD25. Za binadamu huonyesha hata FOXP3, protini inayotumika kama alama ya seli dhibiti, kwa muda. Pima na CD127, protini nyingine ya juu ya seli, ambayo kwa seli dhibiti huwa chini. Mimi nilipoteza mwezi mzima nikihesabu CD25 peke yake.

Daktari_wa_zamu:
Naongezea upande wa wodini. IL-2 ya aina hiyo, aldesleukini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa saratani ya figo iliyosambaa, kwa dozi kubwa mno. Mishipa huvuja, presha hushuka. Dozi ndogo ndiyo inayojaribiwa kwa lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, kwa sababu hiyohiyo aliyoieleza Bi Pipeti.

Bi_Pipeti:
Na mkuu, ukiizimua sana weka albumini kidogo, la sivyo hunata kwenye plastiki. Igawe kwenye vichupa vidogo, usiigandishe mara mbili.