Bonge la damu la aota kutolewa kupitia kinena: je, mjomba anaweza kuacha dawa?

Mpwa wa Newala:

Salamu kwenu nyote. Mwezi uliopita mjomba wangu, mwenye umri wa miaka 58, aliamka usiku wa manane akilia kwamba miguu yote miwili inamuuma, na tulipoigusa tuliikuta ya baridi kuanzia magotini kushuka chini, imepauka, ingawa bado aliweza kuchezesha vidole. Alichomwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, akasafirishwa kwa ndege hadi Dar es Salaam, na huko tukaelezwa kwamba bonge la damu limekwama kwenye aota, yaani mshipa mkuu unaotoka moyoni, pale tumboni unapogawanyika kuelekea miguuni. Amerudi akitembea, ana makovu mawili madogo ya kinenani tu, na kidole gumba cha kushoto ndicho pekee kilichobaki na ganzi.

Wazee wa ukoo wanauliza kitu cha tumboni kilitolewaje bila tumbo kupasuliwa, na mmoja wao anaamini bado kimo. Mjomba naye, kwa kuwa anajisikia mzima na msimu wa korosho umekaribia, anataka kuacha vidonge vya warfarini, ambavyo navyo huzuia damu isigande. Mimi niliye mdogo kwake nimwambie nini?

Muuguzi wa chumba cha upasuaji, Lindi:

Pole kwa kuuguza, na nashukuru umeuliza kabla dawa haijaachwa. Aota hugawanyika karibu na usawa wa kitovu, na matawi yake hupita kinenani yakiwa karibu sana na ngozi, hata ukiweka vidole unayahisi yakidunda. Kwa hiyo kinena ni mlango wa njia ileile. Mgonjwa hupigwa ganzi au hulazwa usingizi, daktari hukata sehemu ndogo kila upande, kisha huingiza mpira mwembamba wenye puto lililonywea kwenye ncha, akiupandisha hadi ulipite bonge. Hapo puto hujazwa maji ya chumvi, na mpira unapovutwa polepole hulikokota bonge hadi nje. Upande mmoja unaposhughulikiwa, wa pili hubanwa ili kipande kisiteremke mguuni. Damu ikiruka kwa nguvu kutoka juu, njia imefunguka, lakini mpira hupitishwa tena kuelekea chini katika kila mguu kutafuta masalia.

Aliyebuni mpira huo ni Mmarekani Thomas Fogarty. Puto lake la kwanza lilikuwa ncha ya kidole cha glavu, iliyofungwa kwa ufundi wa mafundo aliouzoea katika uvuvi, na maelezo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1963. Wavuvi wa huku kwetu hunielewa upesi ninapowasimulia hilo. Siku hizi bonge huweza pia kunyonywa kwa mpira, au kudondoshewa dawa ya kuliyeyusha kwa saa nyingi, njia isiyomfaa aliyepata kiharusi au upasuaji hivi karibuni. Likiwa limeganda kwenye ukuta wa aota ya kifuani, kulivuta kwa puto ni hatari, kwa sababu vipande vinaweza kukimbilia ubongo, figo au utumbo.

Kuhusu warfarini, mweleze mjomba kwamba puto liliondoa bonge, halikuondoa chanzo. Mabonge ya namna hii mara nyingi hutoka moyoni, kwa mtu ambaye mapigo yake hayana mpangilio au ambaye valvu yake, yaani mlango wa ndani ya moyo, imeharibika, na moyo huohuo unaweza kutoa jingine kesho. Asiache hata kidonge kimoja kabla ya kuonana na daktari wake.

Mkazi wa Mikindani:

Mama yangu alianza hivyohivyo, mguu mmoja. Kituo tulichomfikisha kwanza kilimchoma sindano za maumivu kwa siku mbili kikisema ni mishipa ya fahamu, na tulipomfikia daktari wa upasuaji alikataa kuuzibua mshipa, akaukata mguu juu ya goti. Hadi leo najiuliza kwa nini hakujaribu.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji, Lindi:

Pole sana, ndugu yangu. Misuli iliyokosa damu kabisa huanza kufa baada ya saa sita hivi. Damu ikirudishwa kwenye nyama iliyokwisha kufa, huibeba potasiamu na sumu nyingine hadi moyoni na kwenye figo, na mgonjwa anaweza kufa siku hiyohiyo. Kwa maelezo yako, naamini daktari yule alikuwa anauokoa uhai wa mama. Kosa lilitokea katika zile siku mbili, kwa sababu mguu uliopoa ghafla na usio na mapigo hausubiri kesho.

Mpwa wa Newala:

Ahsante, nimemsomea mjomba na amekubali kuendelea. Ila amesikia kwamba kisamvu ni mwiko kwake.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji, Lindi:

Si mwiko. Mboga za majani zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini, kwa hiyo ale kiasi kilekile kila wiki, asile nyingi ghafla wala kuacha ghafla. Ahudhurie kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani, ambacho kwa wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Na mgongo ukimuuma kwa kuokota korosho, asinunue dawa ya maumivu ya diklofenaki dukani, kwa kuwa ikichanganyika na warfarini inaweza kumtoa damu tumboni.