Anayechinja gari la ajali uani kwake na kuuza vipande: adaiwe kadi au aachwe apate riziki?

ChumaChakavu: Wadau, tuulizane. Juzi hapa Ngamiani, Tanga, nimenunua saitimira (vioo vya pembeni) za Toyota IST kwa kijana anayechinja gari la ajali uani kwao. Elfu sitini, risiti hakuna. Nyumbani nikavisugua vioo kwa mafuta ya taa, pembeni nikaona namba ya gari iliyochongwa, halafu mtu kaipitia na msasa. Herufi mbili bado zinasomeka, na si za gari lile la uani. Sasa, kila auzaye spea za mkononi, hata kama hana duka, alazimishwe kutoa nakala ya kadi ya gari ilikotoka?

Kaka wa Kange: Alazimishwe, tena jana! Kadi ina namba ya chesisi na ya injini, unalinganisha mnamaliza. Wanaopinga ni mafundi, maana ndio wateja wakubwa wa vitu vya wizi.

FundiPulizo: Wateja wa vitu vya wizi? Yakhe, gari lako likikuzimikia barabarani unampigia nani, mwenyekiti wa mtaa? Injini ina namba, sawa. Mlango je? Bampa je? Mteja akija na injini ya 1NZ ya mkononi mie simuulizi karatasi. Nafungua kifuniko cha oili, nikikuta ute kama chai ya maziwa namwambia irudishe, imeingia maji. Kadi itakwambia hilo? Na nyie wa bara mnaokimbilia gari za Tanga, kadi haiwaambii pia kwamba chini limeliwa na chumvi.

WaMbauda: Hapo kwenye chumvi fundi kasema. Nilinunua Toyota Noah huko Raskazone kwa mzee mmoja mpole, "karibu mwanangu, kunywa dafu kwanza". Nafika Segera nikamwomba fundi aangalie mlio, akachomeka bisibisi chini ya mlango, ikazama. Watu wa Tanga mnauza maneno, gari mnatupa kama nyongeza.

Bi Sahare: Wee WaMbauda, nani alikufunga kamba? Umekunywa dafu la watu, umeshiba, umeshindwa kuinama dakika mbili, leo kosa ni ukarimu wetu? Huko kwenu Arusha gari likiuzwa kwa kununa ndiyo linakuwa zima?

WaMbauda: Usikasirike shangazi, nilikuwa natania.

Bi Sahare: Shangazi yako yuko Arusha. Tena kutu ya kuzamisha bisibisi haianzi Raskazone. Japani kule kaskazini, Hokkaido, theluji ikianguka barabara zinamwagiwa chumvi. Gari linashuka bandarini na kutu yake, linapakwa rangi nyeusi chini, likioza lawama ni za bahari yetu.

FundiPulizo: Hilo la rangi nyeusi ni kweli. Chini kukiwa kweusi na kunang'aa kuliko juu, kuna kitu kimefichwa.

Mdogo wa Pongwe: Mimi Noah ya Tanga ninayo mwaka wa sita, haina hata tundu. Dafu nalo nilikunywa 😂

Karani wa Zamani: Mnacheza na madafu, mwenzenu ana kesi mkononi. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311 kama kumbukumbu yangu ni sawa. Ukijua, au ukiwa na sababu ya kujua, umo. Na msasa juu ya namba ni sababu. Chuma, andikishaneni hata kwa mkono: jina, kitambulisho, namba ya gari, shahidi.

Kaka wa Kange: Shahidi wa saitimira! Si bora nikanunue mpya.

FundiPulizo: Kanunue. Kwanza walionishutumu hapo juu wajue gari zima la ajali ndilo linaloua, si kioo. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya mfuko wa hewa (airbag) lazima iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda mtu kang'oa balbu, na ndani ya usukani umebaki mfuniko mtupu. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho pia. Ukikuta mstari wa tope, gari lilizama.

WaMbauda: Mkanda wangu una mstari.

Bi Sahare: Na hilo pia ni dafu?

ChumaChakavu: Jamani, saitimira zangu nizirudishe au nifanyeje? Kurasa mbili hizi mnapigania Noah.

Karani wa Zamani: Zipeleke polisi.

Mdogo wa Pongwe: Akizipeleka ataulizwa alizipata wapi, alale huko.

Kaka wa Kange: Chuma, samahani, hilo IST la uani ni rangi gani? Natafuta mlango wa nyuma, kushoto.

ChumaChakavu: Fedha. Wa kushoto nimeuacha juzi bado upo.