Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito na folda za flashi zimegeuka njia za mkato: je, ni lazima nipige Windows upya?

Mama Karani, Newala

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Newala. Naomba msaada wa mtu anayeijua kompyuta kwa undani, kwa sababu nina jambo la kuamua na sitaki kuliamua kwa kubahatisha.

Nina kompyuta ya mezani nyumbani, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye Windows 10, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hadidiski ya GB 500. Watoto huitumia kwa masomo yao, na mimi huitumia jioni kuandika hesabu za chama chetu cha msingi cha korosho: jina la mkulima, namba yake, kilo alizoleta ghalani, tarehe na malipo aliyopokea. Hesabu za misimu mitatu zimo humo, na nakala nyingine sina, isipokuwa daftari ambazo baadhi ya kurasa zake ziliwahi kulowa mvua na wino umesambaa.

Kwa muda wa mwezi mmoja sasa mashine imekuwa nzito kiasi kwamba nikiiwasha naweza kwenda kubandika maji ya chai, yakachemka, nikarudi nikakuta bado kile kiduara kinazunguka. Excel ikishafunguka, naandika kilo za mkulima na tarakimu zinatokea moja moja, nyuma ya vidole vyangu. Wakati mwingine mashine inaganda kabisa huku ile taa ndogo ya hadidiski ikiwaka bila kupepesa, hata kama sijafungua kitu chochote.

Jambo la pili ni flashi. Huwa napeleka kazi kuchapisha steshenari karibu na stendi. Wiki mbili zilizopita nilipoichomeka nyumbani niliona folda zangu zote zina kimshale kwenye kona, na kila moja ina ukubwa wa KB 2 tu. Nilipozibofya zilifunguka na kazi yangu niliiona, kwa hiyo sikujali. Sasa zipo ambazo hazifunguki tena, ingawa kompyuta inaonyesha kwamba GB 6 kati ya 8 za flashi hiyo zimetumika.

Nilimwita fundi. Alikaa kama dakika kumi, akasema ni vairasi, dawa yake ni kupiga Windows upya na kufuta kila kitu, na kwamba vilivyomo haviokoki. Kabla yake fundi mwingine alikuwa ameniwekea antivairasi mbili, moja ikiwa imekwisha muda wake na kila siku inanidai malipo. Je, ni kweli kwamba hakuna njia nyingine? Msimu ukifunguliwa Oktoba wakulima watakuja kuulizia madai yao ya nyuma, na mimi ndiye nitakayesimama mbele yao.

Fundi wa Masasi

Shikamoo mama. Usikubali ifutwe, angalau si leo. Kwa maelezo yako naona maradhi mawili yamekutana kwenye mashine moja na yule fundi ameyapa jina moja. La flashi ni vairasi bila shaka, lakini uzito wa mashine unaweza kuwa unatoka mahali pengine kabisa, na ukipiga Windows upya bila kujua ni wapi, mashine itabaki nzito vilevile huku hesabu za misimu mitatu zimekwenda.

Nianze na flashi kwa sababu ndiyo yenye nafuu. Vairasi ya aina hii huzipachika folda zako alama ya kufichwa, kisha mahali pa kila folda huweka njia ya mkato yenye jina lilelile na picha ileile. Ukiibofya, kwanza inaiamsha vairasi, halafu inakufungulia folda yako halisi, na ndiyo maana uliiona kazi yako na hukushtuka. Faili hazijafutwa. Zile GB 6 unazozisoma ndizo zenyewe.

Chomoa flashi uiweke pembeni, kwa sababu ukiisafisha kabla ya kompyuta itachafuka tena dakika ileile utakayoichomeka. Ondoa antivairasi zote mbili kupitia sehemu ya kuondoa programu, kisha uwashe mashine upya. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows huja na kinga yake yenyewe, ambayo leo inaitwa Microsoft Defender, nayo hujiweka kando inapoikuta antivairasi nyingine na hurudi kazini ikishaondolewa. Antivairasi mbili zikikaa pamoja, kila moja inataka kuikagua kila faili unayofungua, na kwenye mashine ya GB 4 huo peke yake ni mzigo wa kutosha kuigandisha.

Baada ya hapo unganisha bando la simu, sasisha Defender, kisha ingia kwenye mipangilio ya usalama wa Windows, sehemu ya kinga dhidi ya vairasi, ufungue chaguo za ukaguzi na uchague ule unaoitwa Microsoft Defender Offline. Mashine itajizima na kujiwasha, na ukaguzi utafanyika kabla Windows haijaamka, wakati ambapo vairasi haijapata nafasi ya kujificha wala kujitetea. Kwa kawaida huchukua kama dakika 15, lakini kwako unaweza kuzidi, kwa hiyo chagua saa ambayo umeme wa mtaa wenu hautetereki na usiukatize katikati.

Ukimaliza, ndipo uichomeke flashi. Usibofye kitu chochote ndani yake. Angalia imepewa herufi gani, tuseme E, kisha fungua Command Prompt (lile dirisha jeusi la kuandikia amri) uandike mstari huu kama ulivyo, pamoja na nafasi zake:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mstari huo unaondoa alama ya kufichwa, ya kutohaririwa na ya mfumo kwenye kila faili na kila folda. Zitarudi kuonekana. Ukikuta folda isiyo na jina lolote, usiogope wala usiifute, kwa kuwa vairasi nyingine za kundi hili huvisukumia vitu vyako vyote humo. Nakili nyaraka zako tu. Njia za mkato na faili zinazoishia na .vbs, .js au .exe ambazo huzifahamu ziache hukohuko, kisha uifomati flashi.

Kuhusu uzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager, dirisha linaloonyesha kila programu inatumia nini, itafunguka. Iache dakika tano bila kufungua programu nyingine, halafu uniambie asilimia unazozisoma kwenye prosesa, kumbukumbu na diski. Tazama pia kama kuna wscript.exe katika orodha, kwa maana hicho ndicho chombo cha Windows ambacho vairasi za njia za mkato hupenda kukitumia kuendeshea maandishi yao ya amri. Usikilize vilevile mashine yenyewe, sikio likiwa karibu na kasha.

Mwalimu, Lindi Mjini

Mama Karani, mimi nilikubali. Niliambiwa maneno hayohayo, nikaiacha kompyuta kwa fundi asubuhi, jioni nikairudisha nyumbani ikiwa nyepesi na safi, na maswali ya mitihani niliyoyakusanya kwa miaka sita hayamo. Baadaye nilielezwa kwamba ingetosha kuichomoa ile hadidiski kwenye kasha, bila kuipasua, kuiunganisha na kompyuta nyingine iliyo salama kwa waya wa USB na kunakili nilichotaka, kazi ya saa moja au mbili. Nakusihi uanze na nakala kabla ya dawa yoyote.

Na ninaongeza swali moja: hiyo Windows yako ni halali, au iliwekwa kwa ile programu ya kuchakachua leseni? Programu hizo nyingi hudai uzime antivairasi kwanza ndipo zifanye kazi, na anayekubali sharti hilo anamfungulia mlango mtu asiyemjua.

Mwenye steshenari, Mikindani

Naomba niseme kwa upande wetu, kwa kuwa lawama zinatujia na kwa kiasi fulani ni za haki. Kwa siku moja mashine yangu ya kuchapishia hupokea flashi za wanafunzi, za makarani, za watu wa semina na za kwaya, na moja tu ikiwa mbovu inaziambukiza zote zinazofuata. Tangu Windows 7 kompyuta haiendeshi tena programu ya flashi yenyewe pindi inapochomekwa, na ndiyo sababu vairasi hizi zinahitaji mkono wa mtu ubofye. Nilipolielewa hilo niliwazuia vijana wangu kufungua folda yoyote yenye kimshale, na kila jioni tunakagua.

Kwako mama, acha kabisa kuleta flashi. Geuza kazi iwe PDF na uitume kwa baruapepe au WhatsApp ya steshenari, nao watachapisha kutoka hapo. Kama lazima kifaa kitoke nyumbani, tumia kadi ya SD yenye kile kitufe cha kufunga ubavuni pamoja na kisomeo chake: ukikisukuma upande wa kufunga, kwa kawaida kadi inasomeka lakini haiandikiki.

Mama Karani, Newala

Marahaba mwanangu wa Masasi, na ahsanteni nyote. Mwalimu, kuhusu leseni nimemuuliza aliyeniuzia, naye amekiri kwamba iliwekwa kwa njia hiyo unayoisema. Sikuwa nikijua.

Nimefanya kama nilivyoelekezwa. Antivairasi zote mbili nimeziondoa. Ukaguzi ulichukua dakika 50, ukakuta vitu vitatu na kuviondoa. Flashi niliiandikia ule mstari mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilisahau nafasi kabla ya /d. Folda zilirudi, na kweli kulikuwa na moja isiyo na jina. Nilipoifungua nilikuta malipo ya msimu wa juzi yamo yote, hata yale niliyodhani yamepotea.

Lakini mashine bado ni nzito. Katika Task Manager, wscript.exe haimo. Prosesa inasoma asilimia 6, kumbukumbu 68, na diski 100 wakati wote, ingawa pembeni imeandikwa kwamba inasoma chini ya MB 1 kwa sekunde. Nilipoweka sikio kwenye kasha nilisikia mlio mdogo, tik, tik, kimya, halafu tik tena.

Fundi wa Masasi

Mama, hapo ndipo penye ugonjwa. Diski inayosoma asilimia 100 huku ikihamisha chini ya MB 1 haina kazi nyingi; inahangaika na kazi ndogo. Ndani ya hadidiski kuna sahani zinazozunguka na kichwa kinachotembea juu yake bila kugusa. Sehemu ya sahani ikiharibika, kichwa hurudi na kujaribu tena na tena kuisoma, na mlio unaousikia unaendana na hali hiyo. Wakati huo Windows nzima inasubiri. Kukatika kwa umeme ghafla ni miongoni mwa yanayoziumiza diski hizi.

Zima mashine sasa. Usiendeshe ukaguzi mwingine wa vairasi, wala chkdsk (amri ya Windows ya kukagua diski), wala kupanga diski upya, kwa sababu kila moja ya kazi hizo inakilazimisha kichwa kupita sahani nzima, na diski ya namna hii inaweza kukata roho katikati. Azima kompyuta nyingine na hadidiski ya nje, fanya alivyosema Mwalimu, na unakili kwa mpango: kwanza hesabu za wakulima, kisha masomo ya watoto, picha mwisho. Faili ikikwama, iruke uendelee na nyingine, utairudia baadaye. Ukishamaliza, waweza kuisoma afya ya diski kwa programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo. Ikionyesha rangi ya njano kwenye sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa au zinazosubiri, utakuwa umepata jibu.

Baada ya hapo nunua SSD, yaani diski ya chipu badala ya sahani, yenye kiunganishi cha SATA na ukubwa wa GB 240. Haina kitu kinachotembea ndani yake, na kwa kusoma mfululizo hufika karibu MB 500 kwa sekunde pale ambapo hadidiski ya kawaida huishia kwenye 100 au 150. Tofauti katika kusoma vipande vidogo vilivyotawanyika, ambayo ndiyo kazi kubwa ya Windows wakati wa kuamka, ni kubwa zaidi ya hapo. Windows mpya ipigwe juu ya SSD hiyo, kwa leseni halali. Kwa hiyo yule fundi hakukosea kwamba Windows ingepigwa upya. Alikosea kuipiga juu ya diski inayokufa, tena kabla ya kunakili. Ujue pia kwamba Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji RAM ya GB 4 kwa uchache na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Nitumie modeli ya kompyuta yako nikuangalizie, na kama utaongeza RAM, hakikisha kwanza ubao wako unapokea DDR3 au DDR4, ambazo ni vizazi viwili vya RAM, kwa kuwa haziingiliani.

Mama Karani, Newala

Mwanangu, shemeji yangu alikuja na kompyuta mpakato na ule waya, tukakaa kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba. Hesabu za misimu yote mitatu zimepatikana, isipokuwa faili moja ya Novemba ya msimu uliopita, ambayo tumeijaribu mara nne na kila mara inakwama nusu. CrystalDiskInfo ilionyesha njano, kama ulivyosema. Nakala moja nimeiacha kwa katibu wa chama na nyingine ipo kabatini kwangu. Modeli ya mashine nimekutumia. Ile faili ya Novemba nimeshaanza kuiandika upya kutoka daftarini. Ni wakulima 41, na kurasa zao kwa bahati hazikulowa.