Naomba ushauri: niendelee na kiini macho wodini?

Hamjambo ndugu zangu. Kabla ya ile miaka 6 ya kusomea udaktari, nilikuwa nafanya mazingaombwe kwenye sherehe za shule hapa Kisumu. Sasa niko intanshipu, wodi ya watoto. Juzi binti wa miaka 5 alikataa katakata kudungwa sindano. Nikatoa sarafu ya shilingi 10 nyuma ya sikio lake, akacheka, macho yakaufuata mkono wangu, muuguzi akamaliza kazi. Lakini nyanya yake alimvuta, akamfunika leso, akasema hataki mganga amguse mjukuu wake. Imeniuma sana. Je, nimwonyeshe kwamba sarafu ilikuwa kiganjani tangu mwanzo, au niache kabisa? Nyinyi wazazi, mngetaka nifanyeje?