Nyumba mpya inawasha macho: tuhamie, tusubiri, au ning'oe kabati?

Baba Naima, Goba
Wakuu, salaam. Nyumba imekwisha huku Goba, lakini ukifungua mlango asubuhi macho yanawasha na koo linakauka, hasa chumba cha watoto chenye kabati la ukuta mzima. Mtoto wetu mdogo ana pumu na mama yake ni mjamzito. Kodi tunakopanga inaisha. Tuhamie, tufunge kiyoyozi na mashine ya kusafisha hewa? Tuongeze kodi, nyumba ikae wazi kwanza? Au ning'oe kabati zote za MDF niweke mninga? Hela iliyobaki inatosha jambo moja tu.

Kijana wa Tabata
Mkuu, hamia. Weka mabakuli ya mkaa kwenye kona, choma udi jioni, harufu itakata yenyewe.

Seremala wa Keko
Mdogo wangu wa Tabata, hapana. Udi ni moshi, na unamwongezea mzigo mwenye pumu. Mkaa wa bakuli hauvuti kiasi cha maana. Halafu pua huzoea: unaweza usisikie harufu tena na gesi bado ipo.

Baba Naima, rangi na kabati usivichanganye. Rangi ya mafuta iliyotiwa tina hutoa mvuke mwingi siku za mwanzo, kisha hupungua haraka. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizogandishwa kwa gundi, mara nyingi ya urea na fomaldehaidi, na gundi hiyo huendelea kutoa gesi ya fomaldehaidi kwa miezi, hata miaka. Joto na unyevunyevu vinaichochea, na Dar vyote tunavyo. IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka fomaldehaidi kundi la 1 mwaka 2004, yaani inasababisha saratani kwa binadamu. Mwongozo wa shirika hilo wa 2010 unataka hewa ya ndani isizidi miligramu 0.1 kwa mita moja ya ujazo, kwa wastani wa nusu saa.

Leo hii chomoa rafu moja uigeuze. Mbele utaona melamini, lile ganda laini kama plastiki. Sasa tazama ukingo wa nyuma, matundu ya skrubu, na pale bawaba ilipochimbiwa. Ukiona kahawia tupu, kavu kama biskuti, gesi inatokea hapo kwa wingi. Mafundi wengi wanaziba ukingo unaoonekana tu, kwa sababu mteja hatazami nyuma. Mwite fundi wako azibe kila ukingo kwa utepe na matundu kwa vanishi ya maji. Tatizo haliishi, ila linapungua, na gharama yake haikaribii ya mninga. Siku nyingine ukiagiza bodi, uliza daraja. Muhuri wa E1 maana yake imepimwa kwa kikomo cha Ulaya cha gesi hiyo, na muuzaji akuoneshe karatasi ya vipimo ya mzigo huo.

Dada wa Mbweni
Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakiingizi hewa mpya, na watu wengi hawalijui hili. Kinazungusha ileile ya ndani, kwa hiyo ukifunga madirisha ili baridi isitoke, gesi nayo umeifungia ndani. Mashine yenye chujio la HEPA inakamata vumbi, gesi inapita. Zenye kaboni zinasaidia kidogo mpaka kaboni ijae. Hela hiyo mimi ningeitia kwenye matundu ya kupitisha hewa ukutani.

Nyumba nyingi za zamani hapa mjini zilikuwa na matofali ya matundu juu ya madirisha. Leo tunaziba kila kitu, tunapiga jipsam, tunaweka aluminiamu ya kuteleza inayofunguka nusu. Inaniuma, kwa sababu upepo wa pwani ni wa bure: kaskazi unatoka kaskazini mashariki, kusi unatoka kusini mashariki. Fungua upande unakotoka na upande wa pili pia, la sivyo hewa haipiti.

Mama wa Kigamboni
Na maua ya ndani je? Dukani waliniambia yanafyonza sumu.

Dada wa Mbweni
Shikamoo mama. Maua yanapendeza, ila kazi hiyo hayaiwezi. Jaribio la NASA, shirika la anga la Marekani, la 1989 lilifanywa kwenye visanduku vilivyozibwa. Uchambuzi wa 2019 ulikokotoa kuwa ungehitaji mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita ya mraba ili ifikie kazi inayofanywa na hewa inayopita kwenye nyumba ya kawaida.

Kijana wa Tabata
Goba ina vumbi na mbu, na nyumba haina mtu. Madirisha yakae wazi vipi?

Seremala wa Keko
Nondo, wavu, na mlinzi. Milango ya kabati na droo zote ziachwe wazi, feni zizunguke. Vumbi utalipangusa kwa kitambaa kibichi.

Baba Naima, Goba
Asanteni sana. Nimeongea na mwenye nyumba, amekubali kodi ya mwezi mwezi. Kabati la watoto linatoka, mninga unaingia chumba hicho tu. Jikoni tunaziba kingo.

Seremala wa Keko
Vizuri. Chumba cha kulala ndicho mtoto anachokaa saa nyingi zaidi. Mninga uwe mkavu, na vanishi ipigwe karakana, siyo chumbani. Shemeji asiwepo mafundi wakipiga msasa.

Mama wa Kigamboni
Mwanangu, vile vipande vya mbao za paa vyenye dawa ya kijani vilivyobaki uani, vimeshaondolewa? Dawa hiyo mara nyingi ni ya shaba, kromiamu na aseniki. Ukivichoma, aseniki inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu. Huku kwetu naona mafundi wanavipikia ugali. Visifike jikoni kwako, na majivu yake yasimwagwe kwenye mchicha.